Vijiwe vya bao viwape wanawake benchi

JUA likianza kupoa, pita mtaa wowote wa Dar es Salaam, kijiwe hukikosi. Ubao wa drafti umewekwa juu ya ndoo, vizibo vya soda ndiyo jeshi, na wanaume kumi wamewazunguka wawili wanaocheza. Ukivuka maji ukafika Unguja, pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, mambo ni yale yale. Kahawa, kashata, dhumna, bao na siasa.

Maneno yanayosikika hapo ni ya vita tupu. Huyu kaliwa kete, yule kavunjiwa nyumba, mwingine kabanwa kila upande na anaambiwa asalimu amri. Ukifumba macho unaweza kudhani uko kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga.

Mwanamke naye yupo. Ndiye mwenye beseni la vitumbua pembeni. Mchezo anauona kila siku, na siku nyingine anaiona kete ya kuchezwa kabla ya mchezaji mwenyewe hajaiona. Ajaribu kufungua mdomo sasa. Kijiwe kizima kinaangua kicheko na jibu linakuja haraka: "Mama, haya waachie wanaume. Lete vitumbua viwili."

Watu wanacheka, mchezo unaendelea, na hakuna anayeona kuwa kuna mtu kafukuzwa. Lakini kafukuzwa. Na anayefukuzwa hivyo si mmoja, ni nusu ya wachezaji ambao bao, drafti na chesi vingeweza kuwa nao nchi hii.

Kisingizio kinachotolewa kila mara ni kwamba wanawake hawapendi michezo hii, au vichwa vyao havijaumbwa kwa mahesabu ya vita. Kisingizio hicho ni cha uongo, na ushahidi wake uko hapa hapa nyumbani.

Kazini wanacheza, mtaani hawachezi

Chukua mashindano ya SHIMIWI, yanayowakutanisha watumishi wa wizara, idara za serikali na mikoa. Kule bao na drafti vina wachezaji wanaume na wachezaji wanawake, na kila upande unatoa bingwa wake. Michezo ya Mei Mosi nayo ni hivyo hivyo. Mhasibu, katibu muhtasi, dereva na ofisa utumishi wanakaa mbele ya ubao, wanakunja sura, wanapigana vita vyao mpaka mtu anyooshe mikono.

Mwanamke huyo huyo akirudi mtaani kwake Temeke au Ilemela jioni, akapita kijiweni, anakuwa mpita njia. Kichwa chake hakijabadilika kati ya uwanja wa mashindano na nyumbani. Kilichobadilika ni mahali.

Kazini alipewa vitu vinne. Alipewa jina kwenye orodha ya timu, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza amekuja kumfuata nani. Alipewa muda, kwa sababu saa ya mchezo imepangwa na inajulikana. Alipewa mahali pa kukaa bila kubughudhiwa. Na alipewa mwamuzi na kanuni, kwa hiyo mpinzani akileta maneno ya hovyo, yupo mtu wa kumnyamazisha.

Kijiweni havipo vyote vinne. Hana jina, muda ni ule anaotakiwa awe jikoni, benchi limejaa, na mwamuzi ni mwenye sauti kubwa kuliko wengine. Hata mwanaume mgeni hapati raha hapo, sembuse binti wa miaka 16 anayetaka kujifunza.

Bao halihitaji msuli

Kwenye soka mtu anaweza kujitetea kwa habari za kifua na mbio. Kwenye bao hana pa kujificha.

Ubao wa bao una mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 32. Kwenye bao la Kiswahili anapanga 10 tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zinabaki mkononi, anazinamua moja moja. Zikiisha ndipo mchezo unaingia kwenye mtaji, na hapo ukikosea hesabu ya mzunguko mmoja, safu yako ya mbele inasafishwa na mchezo umekwisha.

Katika yote hayo, hakuna sehemu inayouliza kilo, urefu wala ndevu. Kinachoulizwa ni kumbukumbu, subira na uwezo wa kuona mbali. Mama anayepanga matumizi ya nyumba kwa pesa isiyotosha, akijua leo akitoa hapa kesho atapungukiwa pale, hesabu za namna hiyo anazifanya kila siku.

Chesi nayo ina kichekesho chake. Jina lake la Kiswahili cha zamani, sataranji, lilitufikia kutoka kwa Waarabu, nao waliupata mchezo kwa Waajemi, na mizizi yake ni India, ambako ulikuwa mfano wa jeshi lenye askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Kando ya mfalme alikaa waziri, kete dhaifu iliyosogea hatua moja tu ya mshazari. Mchezo ulipofika Ulaya, waziri yule akageuzwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 malkia akapewa nguvu kuliko kete zote.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 500 wanaume wamekuwa wakimtegemea mwanamke awashindie vita ubaoni, huku wakimwambia mwanamke wa kweli akachemshe chai.

Wasichana waliomzamisha admirali

Anayedhani haya ni maneno ya kufariji tu, asome kilichotokea Liverpool, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, mafuta na silaha kwenye Bahari ya Atlantiki, na Uingereza ilikuwa inaelekea kubaya. Januari mwaka huo, Kapteni Gilbert Roberts, aliyekuwa ameondolewa kwenye jeshi la majini kwa ugonjwa wa kifua kikuu, aliitwa aanzishe kitengo cha kutafuta mbinu mpya. Kitengo hicho kilijulikana kwa kifupi kama WATU.

Silaha yake ilikuwa mchezo. Sakafu ya chumba iligeuzwa bahari. Meli ziliwekwa sakafuni, na njia zake zikachorwa kwa chaki. Maofisa waliokuja kujifunza walisimama nyuma ya turubai na kuchungulia kwenye upenyo mdogo, ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona usiku baharini.

Wengi wa waliouendesha mchezo huo walikuwa wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, waliojulikana kama Wrens. Wengine walikuwa ndiyo kwanza wametoka shule. Hawakuwahi kuongoza meli. Lakini kwa kuurudia mchezo tena na tena walisaidia kugundua kwamba nyambizi haikuwa inapiga kutoka mbali kama ilivyodhaniwa, bali ilikuwa inaingia katikati ya msafara kwa kupitia nyuma. Kutokana na hilo ikatengenezwa mbinu ya kuisaka iliyopewa jina la Raspberry, na aliyeipa jina hilo ni Jean Laidlaw, mmoja wa wasichana hao.

Baadaye akaja Admirali Max Horton, mkuu mpya wa eneo hilo la bahari, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa nahodha wa nyambizi mwenye sifa. Alikaa upande wa nyambizi, akacheza. Alizamishwa. Akarudia, akazamishwa tena. Mara tano. Aliyekuwa upande wa pili wa turubai ni binti mmoja, Janet Okell.

Mpaka vita inakwisha, maofisa wapatao 5,000 walikuwa wamepita kwenye chumba kile kujifunza.

Ukiangalia vizuri, wasichana wale walipewa vitu vile vile vinne. Walikuwa na cheo na kazi inayojulikana, wakapewa muda wa kujifunza, wakapewa chumba, na kanuni za mchezo zilikuwa sawa kwa admirali na kwa binti. Ilibidi vita ifike mlangoni ndipo wapewe. Vijiwe vyetu visisubiri mpaka hapo.

Uji wa Katwe

Mfano mwingine uko jirani kabisa. Phiona Mutesi alikulia Katwe, Kampala, kwenye maisha ya dhiki. Alimfuata kaka yake mpaka kwenye programu ya watoto ya kocha Robert Katende, mahali ambapo mtoto aliyekuja kujifunza chesi alipata na kikombe cha uji. Aliyemwonyesha kete zinavyokwenda mwanzoni ni mtoto wa kike mdogo kuliko yeye.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Chesi mjini Istanbul, Mutesi alipata daraja la Woman Candidate Master. Yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata daraja la kimataifa kwenye mchezo huo. Mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu, Queen of Katwe, ambayo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake.

Watu wengi wakiitazama filamu hiyo wanaona kipaji. Ni kweli kipaji kilikuwepo, ila kilifika mezani kwa sababu mlango ulikuwa wazi, mwalimu hakumwambia huu si mchezo wa wasichana, na msichana mwenzake alikuwa tayari amekaa. Ondoa hayo, Mutesi angeishia kusimama dirishani akichungulia.

Upo pia mfano wa kanuni mbovu. Mwaka 1986 shirikisho la chesi la dunia, FIDE, liliamua kuwaongezea wanawake wote waliokuwa wakishindana pointi 100 kwenye viwango vyao, isipokuwa mmoja, Susan Polgár wa Hungary, kwa hoja kwamba pointi zake alizipata kwa kucheza na wanaume. Yaani aliyethubutu kukaa meza ngumu ndiye aliyepunjwa.

Mdogo wake, Judit, alilipa kisasi mezani. Mwaka 1991 akawa grandmaster akiwa na miaka 15, akivunja rekodi ya Bobby Fischer. Mwaka 2002 akamfunga Garry Kasparov, mwanaume ambaye aliwahi kusema hadharani maneno ya kuwadharau wanawake kwenye mchezo huo na baadaye akabadili msimamo. Mwaka 2005 Judit alikuwa namba nane duniani, wanaume na wanawake wakihesabiwa pamoja.

Soka ilishapita njia hii

Wapenzi wa soka wa Tanzania hawahitaji kuambiwa mengi. Si zamani sana msichana akionekana na mpira aliitwa jike dume. Twiga Stars wakaenda fainali za Afrika mwaka 2010 Afrika Kusini, na wakarudi tena kwenye fainali zilizochezwa Morocco mwaka 2025. Simba Queens mwaka 2022 walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake.

Hakuna aliyewaongezea kipaji. Walipewa ligi, kocha, jezi na ratiba. Leo baba aliyekuwa anamchapa binti kwa kucheza mpira ndiye anayemtafutia viatu vya kuchezea.

Michezo ya ubao ni rahisi kuliko hapo. Haihitaji nyasi, basi la timu wala daktari. Ubao mmoja na kete za komwe, au boksi na vizibo, timu imekamilika.

Nini kifanyike

Kwanza, mahali na saa. Siyo lazima kila kitu kifanyikie barabarani jioni. Darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi asubuhi, ukumbi wa serikali ya mtaa, maktaba, hata uwani kwa mtu, vyote vinafaa. Kwa familia ambazo hazipendi wanaume na wanawake kukaa benchi moja, baraza la wanawake peke yao ni bora mara mia kuliko kutokuwa na baraza. Mwalimu Nyerere alilicheza bao kwa mapenzi makubwa na heshima yake haikupungua. Haitapungua ya mama yeyote.

Pili, lugha. Hapa ndipo vijiwe vingi vinapofeli. Utani ni chumvi ya mchezo na hakuna anayetaka uondoke. Kumcheka mtu kwa kete aliyoicheza vibaya ni utani. Kumsema umbo lake, nguo zake au mume wake ni ubaya. Kila kijiwe kina mzee wake anayesikilizwa. Akisema mara moja tu, "hapana, hayo hayasemwi hapa," na akamsimamisha mtu mchezo mmoja, wiki ya pili ujumbe utakuwa umefika.

Tatu, anayejifunza aachwe acheze. Mwanamke akikaa mezani, wanaume watano wanainama kumwelekeza, mmoja anafikia hadi kumshikia kete. Hiyo siyo ukarimu, ni kumnyang'anya mchezo. Mvulana anaachwa afungwe mara 20 mpaka ajue. Binti naye ana haki ya kufungwa mara zake 20.

Nne, mashindano. Wanaoandaa bonanza za mitaa, kombe la diwani au la mbunge, waweke daraja la wanawake na papo hapo waache daraja la wazi kwa yeyote anayelitaka. Kwa kuwa mchezo huu hauhitaji msuli, daraja la wanawake liwe ngazi ya kupandia, lisiwe ukuta wa kuwazuia. Na zawadi ziwe sawa. Mshindi wa kiume akipewa mbuzi, wa kike asipewe khanga na pongezi.

Tano, walimu na waamuzi wa kike. Wale mabingwa wa SHIMIWI na Mei Mosi wanaishi mitaani kwetu. Vyama vya michezo hii viwatafute na viwape wasichana wawili watatu wa kufundisha. Shule nazo, kupitia UMITASHUMTA na UMISSETA, ndiyo mahali ambapo wavulana na wasichana wanaweza kuizoea meza moja kabla hawajaambiwa kuwa haiwezekani.

Na la sita ni la nyumbani. Saa ya mchezo wa baba ndiyo saa ya kupika ya mama. Mwanaume anayesema mkewe hana mpango na bao, ajaribu kushika mwiko mara moja kwa wiki, halafu ndipo aseme.

Watakaopinga

Watakuwepo. Watasema kijiwe ni mahali pa mwanaume kupumua baada ya kazi, na wanawake wakiingia itabidi kuchunga maneno. Hoja ya kupumua inaeleweka, hakuna anayetaka kuvunja vijiwe. Lakini mwanamke naye anafanya kazi na naye anahitaji kupumua. Na kama mchezo wenyewe hauwezi kuchezwa bila matusi, basi waliokuwa wanakuja pale hawakuja kwa ajili ya bao.

Wengine watasema wanawake wakikaribishwa hawatakuja. Mwanzoni ni kweli, watakuja wachache. Mtu aliyechekwa kwa miaka hafiki siku ya kwanza kwa sababu tu umemwambia karibu. Atakuja akimwona mwenzake amekaa na hakufanywa kituko. Ndivyo ilivyokuwa kwenye soka.

Vijiwe vyenyewe ndivyo vinavyohitaji kujiangalia. Mafundi wa bao wanazeeka, vijana wameinamia simu na mikeka ya kubeti, na kila mzee anayeondoka anaondoka na mitaji kichwani ambayo hakumwachia mtu. Wanalia kwamba mchezo unakufa huku wakiwafukuza wanafunzi waliosimama pembeni yao kila jioni.

Jumamosi hii kijiwe kimoja kinaweza kuanza. Isogezwe nafasi moja kwenye benchi, mama wa vitumbua aulizwe kama anajua kucheza, na akikosea aachwe akosee. Akishinda, aliyefungwa anyanyuke ampishe anayefuata, kama kanuni ya kijiwe ilivyo kwa kila mtu.